Daftari la Safari ya Smirna

Mzee Wandera,

Wamepanda ndege. Alhamisi asubuhi, Entebbe, Mama Aseru na mama mkwe wake, mmoja na rozari, mwingine na tasbihi, na katikati yao kapu la mihogo mikavu ambalo nilikataza lisibebwe na likabebwa. Nimeanza na hilo kabla ya kukuuliza hali kwa sababu ndivyo ulivyonizoeza: ripoti kwanza, salamu baadaye. Sasa salamu. Jambo, Mzee. Nakukumbuka mno, na sikujua kama mtu anaweza kumkumbuka hivi mkubwa wake wa kazi.

Ya huku ni haya. Kiti chako nimekisogeza dirishani, maana kilipokuwa mahali pake nilikuwa nakisemesha wateja wakiwepo. Sukari imeadimika tena, chai tunakunywa hivyo hivyo. Mwenye ofisi, yule sajini aliyepewa duka Wahindi walipoondoka, bado anakuja kila Ijumaa, anakaa, analizungusha lile tufe la dunia lililoko mezani, anaondoka. Juzi aliniuliza kama Uturuki iko kabla ya Uarabuni au baada yake. Nikamjibu kwamba inategemea mtu anatokea upande gani, akatikisa kichwa kama mtu aliyeelewa. Ungejificha kwenye leso ucheke, halafu ungesema ulikuwa unapenga kamasi.

Na mke wako, Mama Nekesa, analitaka daftari lako. Kila Jumapili nikipanda Bugolobi kumwona, ananikaribisha, ananipa kiti, kisha ananiuliza kama wale watu waliokukamata wamelirudisha. Anasema mliishi nyumba moja miaka yote, hamkuwahi kuandikiana barua hata moja, kwa hiyo hana mwandiko wako popote, na mwandiko wako wote umo mle. Mimi humjibu, bado, Mama, bado liko kwao. Haliko kwao, Mzee. Nitafika hapo. Niache kwanza niseme yaliyo mepesi, nipate nguvu.

Unaikumbuka siku Mama Aseru alipoingia mara ya kwanza? Alikaa ukingoni mwa kiti, mkoba magotini, kama mtu aliyeitwa na mwalimu mkuu. Mume wake kapteni, Mwislamu wa kwao Arua. Yeye Mkatoliki wa huko huko. Kapteni alitaka mama yake mzazi, Bibi, aione nchi ya Waislamu yenye bahari kabla miguu haijamkatalia kabisa, na Mama Aseru ndiye wa kumsindikiza. Lakini Mama Aseru naye alikuwa na lake: alitaka mahali pa kuwasha mshumaa kwa ajili ya mama yake marehemu, mahali pa zamani, penye watakatifu. Akasema kwa sauti ya chini, "Bwana yangu nasema msikiti, mimi nasema kanisa. Sasa Mzee, ile mji moja ya kutosha sisi wote iko?"

Mwingine angewauzia miji miwili. Wewe ulivua miwani, ukaifuta, ukairudisha, ukasema neno moja: Smirna.

Niliuona uso wa yule mama. Jina lile alikuwa amelisikia kanisani tangu utoto, akidhani ni mji wa kwenye masomo ya misa tu, uliokwisha na watu wake. Ukamwambia mji upo, uko baharini, leo hii watu wananunua samaki pale, siku hizi unaitwa Izmir. Una misikiti ya mawe yenye kuba, una kanisa la mtakatifu Polikarpo katikati ya mji. Na ukitoka kwa gari kuelekea magofu ya Efeso, juu ya kilima kuna kijumba cha mawe ambacho watu husema Bibi Mariamu aliishi humo, na Waislamu na Wakristo wanapanga foleni mlango mmoja. Bibi alipopelekewa habari alijibu kwa maneno manne tu, nayo yakaletwa ofisini kama hati: "Mariamu ni yetu pia." Nikakutazama, Mzee. Nilikuwa nimefanya kazi kwako miezi saba, nikidhani najua kazi yenyewe. Siku ile ndipo nilipoanza kujifunza.

Wewe ulikuwa na ugonjwa wako mmoja, na ndio niliokupendea. Hukukubali kuuza safari ambayo hujaitembea kwa miguu yako. "Mtu hatembei na macho, Furaha," ulikuwa unasema, "anatembea na magoti." Na kwa kuwa hakuna aliyekuwa tayari kukupeleka Uturuki, uliitembea Uturuki hapa hapa Kampala.

Nakuona umeinamia ramani ile ya Mhindi aliyeondoka. Unalowesha uzi kwa mate, unaulaza juu ya barabara, kona kwa kona, kutoka hotelini mpaka mnara wa saa wa Izmir, kutoka mnarani mpaka sokoni, kisha unaunyoosha na kuupima kwa rula. Kisha unatafuta barabara ya hapa iliyo na urefu ule ule. Kutoka mnara wao kwenda msikiti wa sokoni ukasema ni sawa na kutoka mlango wetu kwenda soko la Nakasero, kwa kuzunguka nyuma. Kutembea kando ya bahari, kwa kuwa sisi bahari hatuna, ukatumia njia ya reli ya Namuwongo, tena ukanituma mimi kwa sababu ndiko ninakokaa. Nikatembea na saa yako mkononi, majirani wakiniuliza nimepoteza nini.

Na ule mfuko wa posho, unga wa mahindi. Bibi ni mzito na miguu yake imevimba, na wewe ulikuwa mwembamba kama ufagio. Kwa hiyo ulibeba mfuko wa unga begani ili uchoke kama yeye. Kila ulipochoka ulisimama, ukatazama saa, ukahesabu hatua, ukaandika: hapa apumzike. Mama mmoja wa Nakasero anayeuza nyanya alikuonea huruma akakupa kigoda, na wewe ukaandika daftarini kwamba kule Izmir pia lazima kitafutwe kigoda mahali pale. Kisha ukaandikia hoteli barua kuwauliza.

Barua zile. Ulinichukua kazini kwa sababu ya Kifaransa cha masista wa Bukavu, na karani wa hoteli kule alijua Kifaransa kuliko Kiingereza. Ulinisomea kwa Kiswahili nikaandika: Je, kutoka mlango wenu mpaka mnara wa saa kuna ngazi? Ngapi? Zina ukuta wa kushikilia? Nilidhani mtu yule atatuona vichaa. Alijibu kurasa mbili, na mchoro. Alitoka mwenyewe akazihesabu ngazi. Mwishoni akasema hakuna mgeni aliyewahi kumuuliza habari za ngazi, na mama yake mwenyewe huzishuka kwa shida. Ulinifanya nikusomee sehemu hiyo mara tatu. Ukasema, "Umeona? Kila mahali kuna mtu wa kazi yetu."

Yote hayo yaliingia kwenye daftari kubwa jeusi, kwa herufi zako zilizosimama wima kama matofali. Majina ya wasafiri, namba za pasipoti, mahali pa kubadilisha ndege Cairo na Istanbul, hatua, dakika, vigoda. Nimewahi kuona watu wakipanga harusi kwa uangalifu mdogo kuliko ule.

Kilibaki kilima. Juu ya Izmir kuna ngome ya zamani, na Bibi alitaka kuiona bahari kutoka juu. Ukasema mteremko wa Kololo utatufaa. Mimi nilisema, Mzee, kule kwa wakubwa sipapendi. Ukasema barabara ni barabara. Hilo silijutii, nililisema, hukunisikiliza, wewe ndiye uliyekuwa mkubwa.

Aliyeniletea habari ni yule mama wa njugu wa kona yetu, ambaye alisikia kwa dereva wa teksi. Mzee mwenye mfuko wa unga, anatembea hatua mia, anasimama, anatazama saa, anatazama nyumba, anaandika kwenye kitabu kidogo. Watu wa usalama, wale wenye mashati ya maua na miwani nyeusi, walimtazama mara mbili tu. Buti ya gari ikafunguliwa. Mfuko wa posho uliachwa barabarani.

Sasa nimefika, Mzee.

Wewe ulijua mimi nimetoka wapi, lakini hukujua ninavyoogopa. Kule kwetu, wakati wa vita, waliokutwa na karatasi zenye majina hawakuulizwa swali la pili. Baba yangu alitufundisha sisi watoto kama wengine wanavyofundishwa sala. "Mukisikia wamefika, muchome makaratasi mbele. Batoto nyuma." Kwanza karatasi, ndipo watoto. Mama wa njugu alipomaliza kusema, sikufikiri. Nilitia daftari kubwa kwenye kitenge, na barua za Izmir zote, na mchoro wa ngazi, nikateremka mpaka Namuwongo bila kugeuka nyuma. Sufuria ya maharagwe ilikuwa jikoni. Nilichana ukurasa kwa ukurasa nikatia kwenye sigiri ya makaa. Baba alikuwa amesimama mlangoni akilinda, na nilipomaliza alinishika bega akasema nimefanya vizuri. Maharagwe yakaiva, tukala.

Hivyo ndivyo daftari lako lilivyokwenda. Hakuna aliyelichukua.

Kesho yake asubuhi Mama Aseru alikuja ofisini, kitambaa cha kichwa kimekaa upande. Akafunga mlango. "Furaha, leta ile kitabu. Bwana yangu nasema kama iko na jina ya mama yake na jina yangu, yeye nakwenda ongea na wale watu. Nasema huyu mzee iko kazi yetu. Leta haraka."

Kile nilichokidhania kitanzi ndicho kilichokuwa kamba ya kukutoa, na mimi nilikuwa nimekipikia maharagwe. Nilimwambia kimebaki nyumbani. Nilimwambia nyumba imefungwa, Baba kaenda na ufunguo. Nilimdanganya mama wa watu machoni, na alipoondoka nikanunua daftari jipya, nikakaa.

Siku nne, Mzee. Najua ulivyokuwa unahesabu siku kule ndani, na mimi nilikuwa nimekaa kwenye kiti nikiandika. Nilitaka kumpelekea kurasa tatu za haraka haraka, lakini nilijua wale watu wangeuliza: mtu wa kupanga matembezi ya vikongwe anahesabu hatua za Kololo kwa nini? Jibu lilikuwa ni daftari zima. Mtu akilisoma lote anaona wazi kwamba hakuna jasusi duniani anayeandika mahali pa kigoda mara kumi na moja.

Na hapo ndipo nilipokujua wewe ni nani. Nilidhani sitakumbuka kitu. Nikafumba macho nikaanza mlango wa hoteli, na nikasikia sauti yako, polepole, Furaha, ngazi ya kwanza. Ngazi zikaja. Kona zikaja. Kila dakika uliyonitembeza nikinung'unika kwenye jua la Nakasero ilikuwa imekaa miguuni mwangu, inangoja. Nililipanga lile jiji lote bila ramani, mpaka msikiti, mpaka mshumaa wa Polikarpo, mpaka foleni ya mlango wa Mariamu na mahali pa Bibi kuketi akiwa kwenye foleni. Ukurasa mmoja tu ulibaki mtupu, wa kilima, maana hukurudi kunieleza. Niliandika pale juu: Kilima, wapande teksi.

Mwandiko sikuweza kuuiga. Nilijaribu matofali yako ukurasa mmoja, yakaanguka. Nikaandika kwa mkono wangu, ule wa masista, unaolala upande, wenye saba zilizokatwa kiuno. Nilimpa Mama Aseru siku ya tano. Hakulifungua, alilisukuma ndani ya mkoba akakimbia.

Ulitoka baada ya siku mbili. Nilikuja Bugolobi nikakuona mikono imefungwa vitambaa, na pumzi inakwama mbavuni kila unapotaka kucheka. Ulinisalimia kama kawaida, ukaniuliza kama Cairo wamethibitisha. Majuma matano nilikuja kila jioni. Nilikuletea maembe, nilikusomea majibu ya barua, nilingoja uniulize habari za daftari ili nikuambie. Hukuuliza. Mama Nekesa ndiye aliyeuliza, ukiwa umelala, na mimi nikamjibu liko kwao. Ulikuwa umefumba macho. Nilidhani hukusikia.

Ulipokata roho sikufika mazishini. Walikupeleka kwenu Busia, na makaratasi yangu ya ukimbizi yasingenivusha vizuizini. Niliwasindikiza mpaka kwenye lori tu. Nililia kwenye reli, pale pale tulipotumia kuwa bahari, na safari hii hakuna jirani aliyeniuliza nimepoteza nini.

Jumatano iliyopita Mama Aseru alikuja kuchukua tiketi. Nilimweleza safari yote kwa mpangilio wako, nikampa nakala niliyoiandika kwa mkono. Aliitazama, akatazama mkono wangu ulioshika kalamu. Kisha akaniambia. Kapteni alikuwemo chumbani siku ile walipokutoa na kukuketisha mezani. Waliweka lile daftari mbele yako wakalifungua. Mkubwa wao akakuuliza huu mwandiko ni wa nani, maana kitabu kidogo walichokukuta nacho barabarani hakikufanana nao.

Mama Aseru alisema uliangalia ule ukurasa muda mrefu. Wakadhani huoni, wakakuletea taa karibu. Ukafunua ukurasa wa pili, na wa tatu, kwa kiwiko, kwa sababu vidole havikufaa. Kapteni alisema ulikuwa kama unasoma kweli, kama mtu anayekagua kazi. Kisha ukasema, "Mwandiko ni wangu. Kile kidogo niliandika nikitembea, hiki nikiwa nimekaa." Wakakuambia uandike mstari mmoja waone. Ukawaonyesha mikono yako waliyoiumiza wenyewe.

Ungesema, "Ni wa karani wangu, msichana wa Kongo, anakaa Namuwongo," wangekuja usiku ule ule, na baba yangu angesimama mlangoni bila karatasi ya kuchoma. Hukusema. Ulijua pale pale kwamba daftari lako halipo tena, na nani aliyelimaliza. Ulijua majuma matano yote, nikikumenyea maembe na uongo wangu mdomoni, na uliniuliza habari za Cairo.

Sina cha kukulipa, Mzee. Wewe ni mtu mkubwa kuliko wote niliowahi kuwa nao karibu, na nilikaa kando ya kitanda chako nikidhani nakuficha kitu. Jumapili napanda Bugolobi. Mama Nekesa ataniuliza kama kawaida yake. Nitamwambia mwandiko wa mume wake niliuchoma mimi, kwa mkono huu, na kwamba siku nne alizokaa mle ndani zaidi ni zangu. Ana haki ya kunifukuza. Akinifukuza nitarudi Jumapili inayofuata, na nyingine, mpaka aniambie nisirudi kabisa au aniambie niingie.

Pumzika, Mzee wangu. Sitasema tena kwamba liko kwao.

Furaha